Tuwafundishe wanafunzi kupanga herufi

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu wa klabu za Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa herufi, shuleni wasiwaache wanafunzi wabahatishe, au wakimbilie programu za simu, kila wanapopewa herufi za kuundia maneno ya Kiingereza. Simu hairuhusiwi mashindanoni, na ustadi haupatikani kwa kuonyeshwa jibu. Herufi zipangwe kwanza kialfabeti, kwa kuwa maneno yote yenye herufi zilezile hupata mpangilio mmoja: E, I, L, N, S, T hutoa listen, silent, enlist, tinsel na inlets, na aliyeuzoea mpangilio huo huyakumbuka yote matano kwa pamoja. Vilevile, anayeziona I, N na G miongoni mwa herufi zake azitenge mwishoni, ndipo atafute kitenzi katika zilizobaki.

Msomaji wako,
Tanga