Shoga yangu, maziwa unayo

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Leo sianzi na "dhumuni la barua hii" wala salamu za kujaza ukurasa. Ujumbe wako umeingia saa tisa usiku, na mama mzazi anayeandika saa hizo namjua hali yake. Nimeusoma mara tatu. Ningekupigia, ila tukisikiana sauti tutalia wote na la maana halitasemwa, kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu.

Unasema matiti yamelegea, hayajai tena kama wiki ya kwanza. Ikifika saa kumi na mbili jioni mtoto ananyonya, anaachia, analia, anataka tena, hivyo hivyo mpaka saa nne. Ukajaribu kukamua, ukapata vijiko viwili. Na jirani keshakwambia maziwa yako mepesi, ununue kopo.

Halafu katikati ya malalamiko hayo umejijibu mwenyewe bila kujua. Umeandika kwamba jana kalowesha nepi saba, na kwamba kadi ya kliniki inasoma kilo 3.4 wakati alizaliwa na 3.1. Mtoto wa wiki tatu! Wengi hupungua kidogo siku za mwanzo, na kinachotakiwa ni wawe wamerudia uzito wa kuzaliwa wakifika wiki mbili hivi. Wako karudia na kupitiliza. Mikojo nayo, baada ya siku ya tano, ikifika sita au zaidi kwa siku ujue kinachoingia kinatosha. Jirani anasema lake, mizani imesema lake, na mimi naiamini mizani.

Ule ujazo wa wiki ya kwanza haukuwa maziwa matupu. Damu na maji ya mwili navyo hujikusanya titini, kisha hupungua. Titi laini si titi tupu. Na kukamua si kipimo: mtoto anayenyonya vizuri hutoa kuliko mkono au pampu, tena ulikamua huku umejawa na hofu. Wasiwasi na maumivu huizuia ile homoni ya kushusha maziwa, oksitosini. Yamo, ila hayashuki. Hiyo fujo ya jioni pia ni ya kawaida kwa umri huu. Wiki ya tatu, ya sita, karibu na mwezi wa tatu, utamwona anang'ang'ania titi siku mbili tatu kisha anatulia. Anaagiza maziwa ya kesho.

Mimi kwa huyu mkubwa wangu sikulijua hilo. Nilidhani titi ni pipa, ukiliacha lijae ndipo mtoto ashibe. Kabla hata ya arobaini nikawa nampa kopo jioni "ili maziwa yajikusanye". Asubuhi titi linajaa kweli, nami nafurahi. Wiki chache baadaye hata huko kujaa hakupo, na mtoto akipewa titi analipa kisogo. Alipotimiza miezi mitatu sikuwa na tone, na nusu ya mshahara ilikuwa inaishia kwenye makopo. Kituo nilichokwenda kuomba msaada waliniambia niongeze kopo. Hakuna hata mmoja aliyemtazama akinyonya. Mpaka leo linaniuma.

Kwa huyu wa pili nikapata nesi mmoja mtu mzima, asiye na haraka. Akavuta kiti akasema, "Mnyonyeshe nikuone." Kumbe mwanangu alikuwa anashika chuchu peke yake. Akanionyesha: subiri apanue kinywa kama anayepiga mwayo, ndipo umlete yeye kwenye titi, usimpelekee titi. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinukie nje, na ule weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Akishika hivyo utamsikia anameza. Maumivu yasiyokwisha maana yake hajashika. Mtoe kwa kuingiza kidole pembeni ya mdomo wake, uanze tena.

Unamkumbuka babu yangu wa Pangani, yule mgema? Alipanda minazi yake asubuhi na jioni, kila siku, akakata karara kidogo upya. Akiugua siku chache, tembo lilikata, na kulirudisha ilikuwa shughuli. Nesi aliponieleza kwamba titi likikaa limejaa hupunguza kutengeneza, na likitolewa hutengeneza zaidi, nilimwona babu juu ya mnazi. Basi panda mnazi, mwenzangu. Mara nane hadi kumi na mbili kwa usiku na mchana, matiti yote mawili, na akisinzia libinye titi taratibu maziwa yaendelee kushuka. Usiruke usiku, kwa kuwa prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, huwa juu saa hizo. Mchana mvue abaki na nepi, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, hata kama hataki kunyonya.

Mama mkwe kakuletea mtori wa Moshi? Kula, na ushukuru! Kula na mchicha, karanga, supu ya samaki, kunywa maji kila kiu inapokushika. Hizo zinakujenga wewe unayekesha. Uwatu wapo wanaoapa kwao. Mimi niliunywa kwenye uji, jasho likanukia uwatu nyumba nzima, na sijui kama ni wenyewe uliosaidia au ni vile nilivyokuwa nanyonyesha kila saa. Kwa ile sukari yako ya ujauzito usiuguse kabla ya kumuuliza daktari, maana unashusha sukari. Na huyo anayekwambia bia inaleta maziwa, mwambie aniletee mimi. Pombe inazuia maziwa kushuka.

Hospitali utakwenda upesi mikojo ikipungua chini ya sita, au mtoto akiwa wa kulala tu hata kunyonya haamki, au uzito ukisimama. Titi likiwa na sehemu nyekundu, ya moto, nawe una homa, nenda huku ukiendelea kunyonyesha. Na ukitaka njia ya uzazi wa mpango, sema kabisa kwamba unanyonyesha, maana vidonge vyenye estrojeni huweza kupunguza maziwa.

Kazi isikutishe mapema. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 imekupa siku 84 za likizo, na ukirudi unaruhusiwa muda wa hadi saa mbili kila siku wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Wengi hawaudai kwa aibu. Wewe udai, tena kwa maandishi. Wiki mbili kabla ya kurudi anza kukamua asubuhi. Kwa joto letu maziwa yasikae nje zaidi ya muda wa saa nne, kwenye friji siku nne. Dada amnyweshe kwa kikombe kidogo, wanaweza hata wakiwa wachanga, utashangaa.

Nakutumia doti ya kanga kwa basi la Jumatano, moja ya kumfungia kifuani, nyingine ya kujifunikia ukinyonyesha mbele za watu. Jina lake usiniulize, dukani ilibaki hiyo tu. Ukiipokea niandikie, na uniambie nepi za siku hiyo zilikuwa ngapi.

Mimi shoga yako,
wa Ngamiani