Zuhura, taa zangu zimewapoteza kasa njia

Shoga yangu Zuhura,

Assalam aleikum. Hujambo, watoto hawajambo, baba watoto hajambo, joto la Dar lishakuzoea ama bado mnagombana? Sisi huku wazima, tupo tu, mama na magoti yake yaleyale, Mwanakombo kajifungua wa kike, sura kamchukua babake, basi hatusemi kitu, twasema mashallah twabadilisha mazungumzo. Najua nimenyamaza tangu Ramadhani. Ile voisi yako ya dakika kumi na moja niliisikiza yote, nikasema nitakaa chini nimjibu kwa utulivu, utulivu wenyewe ndio ukakosekana. Na wala leo usidhani nimetulia. Sahii ni saa saba usiku, nimekaa stoo juu ya gunia la vifuu, usingizi umekataa, na kuna jambo lisiponitoka litaniua.

Nimepata kazi kubwa kuliko zote tangu uniachie hii studio ya taa hapa Mombasa. Na kazi yenyewe imenifanya niionee kinyaa mikono yangu mwenyewe.

Ngoja nianze mwanzo. Kuna hoteli moja, jina sitaji, ukivuka Nyali ukaendelea kaskazini iko huko huko. Meneja wake aliziona kandili zetu za vifuu kwenye harusi ya kina Bi Rukia pale Kibokoni, zile tulizotoboa kwa drili kufuata nakshi za ule mlango wa Ndia Kuu, ukiwasha ukuta wote wajaa nukta kama dagaa waliogeuka pamoja. Akapenda, tena akapenda kweli. Akataka bustani yake nzima ya mbele, kutoka kwenye baa mpaka ngazi za kushukia ufukweni. Vifuu 120. Akalipa nusu papo hapo, shilingi 180,000, Zuhura, papo hapo! Si wawajua wateja wetu wa "nitakutumia jioni kwa mpesa", jioni yenyewe yaja baada ya miezi miwili. Niliingia chooni nikalia, nikatoka nikajifanya mtu mzima.

Zile pesa nilizifanyia heshima, wallahi. Betri nilichukua za lithiamu. Kibe akanikalia kichwani, eti za madini ya risasi ni rahisi, nusu bei, nikamwambia wewe Kibe nenda hapo Owino Uhuru uwaulize wale wamama habari ya risasi. Betri kuukuu ziliyeyushwa pale katikati ya makazi ya watu mpaka watoto wakapatikana na risasi kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Halafu mimi nijiite mtu wa mazingira nikaongeze betri za risasi mjini? Na hata ukiacha uungwana, ukipiga hesabu tu, betri ya risasi ukiikamua kupita nusu yake kila usiku waiua mapema, kwa hivyo wanunua mbili zifanye kazi ya moja. Kibe akanyamaza, ila ushamjua, akinyamaza ndio hajakubali.

Hesabu nilizipiga vile ulivyonifundisha. Kifuu kimoja wati 1, vifuu 120 kwa saa tano ni wati-saa 600. Jua letu likiwa zuri nahesabu saa tano kamili kwa siku, lakini sahii ni kusi, mawingu kila saa, nikahesabu tatu tu, nikaweka sola mbili za wati 150. Zatosha na chenji yabaki. Skrubu zote stainless 316, ile inayostahimili chumvi ya bahari, si 304, manake ile aibu ya Kizingo sitaki tena, kutu imetiririka ukutani kwa watu kama chai ya rangi. Kamba nazo nilianza na za miyaa, nzuri kweli, kunguru wakaja asubuhi wakazifumua moja moja wakaenda kujengea nyumba. Sisemi uongo. Nilimkuta mmoja amekaa juu ya mnazi na kipande cha kazi yangu mdomoni ananiangalia kama mie ndiye mwizi. Nikabadilisha nikaweka za pamba iliyopakwa nta.

Mpaka hapo sawa eeh? Sasa.

Tukafunga kila kitu, Jumanne ya juzi tukawasha kujaribu. Zuhura, palikuwa pazuri. Mchanga wote nukta nukta. Meneja akaja, akaangalia, akasema pazuri lakini pamefifia, hoteli ya jirani yang'aa kuliko sisi, hebu tupige minazi nayo kutoka chini. Akatoa taa zake mwenyewe stoo, zile kubwa nyeupe za Kelvin 6500, nyeupe mpaka yawa bluu, kama za chumba cha upasuaji. Nikasema hizi hazifai, zinaua kandili. Yani mwenzio nilikuwa nafikiria kandili! Nilikuwa naona wivu kwamba vifuu vyangu havitaonekana. Akasema jaribu tu. Mteja keshalipa nusu, nikajaribu. Taa nane, zote zikatazama juu, mbili zikalenga ufukweni.

Saa nne usiku askari wa zamu akaja, mzee mmoja wa Kigiriama mpole sana, ameshika kopo la mafuta ya kupikia ya Kasuku kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji ya moto. Akaniambia, "Mama, hawa wanakuja huku badala ya kwenda kwao."

Nikachungulia. Watoto wa kasa watatu. Hawazidi kidole gumba, weusi, mapezi yanapiga lile bati tk tk tk tk bila kuchoka. Ile sauti, Zuhura. Nikilala naisikia. Ndiyo iliyonitoa kitandani sahii.

Tukashika tochi tukaenda. Walikuwa kwenye nyasi. Walikuwa kwenye mtaro wa maji machafu ya jikoni. Mmoja amefika mpaka chini ya kifuu changu, kimoja kile cha chini kabisa karibu na ngazi, anakizunguka, anakizunguka, amechora duara kwenye mchanga kama alama ya bilauri. Bahari iko nyuma yake hatua hamsini na yeye anazunguka kifuu. Nikakimbia nikazima kila kitu, meneja akapiga simu mara mbili, wageni wanakula gizani, sikushika. Wapishi wakatoka na simu zao kusaidia nikawaambia tochi chini! chini! nikawa napayuka kama nyanyangu.

Tulipata 41. Mzee akasema tusiwatie majini kwa mkono, tuwaweke mchangani upande wa giza, watembee wenyewe. Tukawapeleka na ndoo mpaka kule kwenye mivinje ambako hakuna taa, tukawamwaga taratibu, wakakaa kidogo kama wanafikiria, halafu wakaenda. Wote kwa pamoja. Moja kwa moja kama waliosukumwa.

Lakini kasa mmoja hutaga mayai mia na zaidi, Zuhura. Mimi nimewaona 41. Asubuhi kunguru walikuwa wengi sana pale kwenye nyasi na sikutaka kujua wanakula nini.

Kesho yake nikawapigia wale vijana wanaoshughulika na kasa, wakanieleza taratibu bila kunigombeza, heri wangenigombeza. Mtoto wa kasa akitoka usiku hutafuta upande ulio chini na wenye mwanga, na siku zote tangu dunia iumbwe upande huo ni bahari, nyota na mwezi vinang'aa juu ya maji na nyuma yake kuna miti myeusi. Mimi nikaja na betri yangu safi ya lithiamu nikageuza dunia ikaangalia nyuma. Na kitu chenyewe wanachokiona sana ni ule mwanga mweupe, wa bluu, wa kijani. Mwekundu na wa kaharabu, lile chungwa la manjano, hauwababaishi sana. Kwa hivyo taa karibu na ufukwe yatakiwa iwe chini, ifunikwe isitazame baharini, na iwe ya kaharabu. Basi, hayo tu. Kazi ya wiki moja kubadilisha ningejua mapema. Na mimi miaka yote hii najitapa na chumvi na skrubu!

Meneja nilimweleza. Si mtu mbaya, sitaki umchukie, juu yake kuna wakubwa wake na wao wanataka picha zing'ae. Akasema sawa, tufunge nailoni ya manjano kwenye zile taa nyeupe, yaishe. Nikamwambia haiwezi. Wewe ndiye uliyeniambia siku ile pale kwa yule muuza kahawa, taa nyeupe ya LED ndani yake ni ya bluu iliyopakwa unga wa manjano, kwa hivyo ukiifunga nailoni bado bluu na kijani vyapenya, macho yako ndiyo yadanganyika, kasa hadanganyiki. Akaniangalia tu. Akasema, "Uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, wageni washaalikwa." Halafu akasema pole pole kabisa, kwamba kama kazi haitakamilika basi ile nusu aliyolipa tutaizungumza.

Hapo ndipo nilipo. Ile nusu iko wapi? Iko kwenye betri na sola. Imebaki 22,000 na hizo si zangu, ni za wamama wa Mtongwe waliosugua vifuu, nawalipa kwa kifuu, Mamake Juma keshaniuliza mara mbili kwa ile sauti yake ya kutouliza. Nikimrudishia meneja pesa zake, nauza mashine. Nikimwashia taa zake, sawa, nalipwa nusu ya pili, nalipa kila mtu, na Jumapili nakuja hapa stoo nakaa chini ya lile bango ulilolichora kwa mkono wako, "Taa zisizomdhuru mtu". Mwanangu jana kaniuliza, mama, kasa ni mtu? Nikamwambia nenda kaoge.

Nimefikiria hivi, na uniambie kama nimerukwa na akili. Vifuu vyote nivirudishe ndani, upande wa baa na ile njia ya vyumbani ambako ukuta wazuia, nivitie kaharabu halisi, viwe chini ya magoti. Ule upande wa mbele wote uwe giza. Giza kabisa. Na meneja awaambie wageni wake ndio mpango wenyewe, waketi waangalie nyota, kwani kule wanakotoka wanaziona? Nikamdokezea Kibe akacheka, "Unauza giza kwa 360,000." Lakini alicheka vile anavyocheka kitu kikimwingia.

Sasa shida yangu kwako. Nimezunguka Biashara Street na Mwembe Tayari yote, kila duka wanipa "wom", ile nyeupe yenye umanjano, ama manjano ya kupakwa. Nahitaji kaharabu yenyewe, boksi liandikwe nanomita 590, kile kipimo cha rangi ya mwanga, au karibu na hapo, wati 1, vipande 130 nikihesabu vya kuharibika. Najua Kariakoo kuna kila kitu mpaka dhambi. Usiamini boksi peke yake lakini. Chukua sidii kuukuu, washa taa, angalia inavyorudi kwenye ule upande unaong'aa. Ukiona mstari wa bluu au kijani, mrudishie mwenyewe. Ukiona chungwa tupu, nunua zote, nitakulipa, wallahi nitakulipa, hata ikiwa kidogo kidogo kama ile leso. (Leso sijaisahau. Iko, nimeivaa mara moja tu, harusini kwa Bi Rukia. Mara mbili.) Ukipata, mpe dereva wa basi la usiku nami nitaipokea hapa asubuhi, ya forodha nitajua mwenyewe.

Jambo la haraka ni hili. Yule mzee kanionyesha kiota kingine, karibu na mivinje, amekizungushia fito nne na kamba, kila jioni akianza zamu anapitia hapo kwanza. Huwa ni kama miezi miwili toka mayai yatagwe na yeye alimwona mama yake akipanda, anahesabu kwa mwezi wa angani, asema ni siku hizi hizi. Inaweza kuwa kabla ya Jumamosi. Inaweza kuwa Jumamosi yenyewe.

Sasa nijibu. Kwani zile za kaharabu za wati 1 zitatosha kumulika njia ama mtu atajikwaa anidai mguu? Kariakoo utaweza kwenda kabla ya Alhamisi ama watoto wana mitihani? Nimwandikie meneja barua ama niende nikamkabili uso kwa uso, wewe ungemwambiaje, si ndiye uliyekuwa na ulimi kati yetu? Sola ile moja nikiiuza nibakishe moja, hesabu yakubali? Na lile bango, Zuhura, nilishushe kwa sasa ama nilifunike tu na khanga mpaka haya yapite?

Msalimie shemeji. Mwambie nimekasirika bado kuhusu ule mkate wa sinia.

Mwenzio,
Maryamu

Nimetoka nje kidogo kabla ya kukutumia hii. Stima imepotea Tudor nzima. Giza zuri.