Chama cha Pwani tena? Mkataba kwanza

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako. Uchaguzi wa 2027 huo unakuja na wanasiasa wetu wa huku Pwani washaanza tena, mara tuwe na chama chetu wenyewe, mara tuungane na wakubwa wa Nairobi. Mimi chama cha Pwani sikikatai, tena nakitaka sana, ila nataka kujua siku ya kukivunja ama kukiunganisha ataulizwa nani.

Manake haya hayakuanza juzi. 1960 vyama vya Pwani, vya Wakalenjin na vya Wamaasai viliungana vikawa KADU, rais wake Ronald Ngala wetu, na hoja yao ilikuwa majimbo, yaani kila eneo lijitawale kwa mambo yake, ili makabila madogo yasimezwe. Majimbo kweli yakaingia kwenye katiba ya uhuru. Kufika Novemba 1964 KADU ishavunjwa, wakubwa wote wako KANU, chama kilichokuwa kinatawala, majimbo nayo yakafutwa, na yule mkulima wa Kaloleni aliyeyapigia kura hakuna aliyemuuliza kitu. 1997 kikaja chama cha Pwani cha Shirikisho, kelele mji mzima, mwisho wake kiti kimoja cha bunge kule Likoni.

Sasa tazameni PAA, chama cha Amason Kingi. Akiwa gavana wa Kilifi chama kikaingia Azimio, muungano wa Raila Odinga, halafu Mei 2022 kikahamia Kenya Kwanza ya William Ruto, na wao pamoja na kile chama cha Alfred Mutua walilalamika ati mkataba wa Azimio wamenyimwa hata kuuona. Jamani! Kama kiongozi mwenyewe hauoni mkataba, sembuse mwanachama wa Ganze? Kingi leo ni spika wa seneti, sina kinyongo naye, na kiti kile Pwani tunastahili, lakini skwota wa Kilifi yeye alipata nini kwenye ule mkataba? Hatujui, hatukuusoma.

Najua sheria nayo inabana. Katiba inakataza chama cha eneo moja, na ukitaka usajili kamili lazima uwe na wanachama elfu moja kwa kila kaunti, kwenye zaidi ya nusu ya kaunti zote, yaani 24, kwahivyo chama cha Pwani inabidi kitafute watu mpaka Nyeri huko. Naona ndio maana majina ya wanachama yanaokotwa okotwa tu, jirani yangu aliangalia kwa simu akakuta ni mwanachama wa chama ambacho hata rangi yake haijui, na namba ya kitambulisho ni yake kabisa.

Na vyama vikiungana vile vya zamani vinakufa. Mbunge asiyetaka kuingia kipya amelindwa, anamaliza muhula wake, anaweza hata kubaki huru bila chama. Sisi wa kadi tunasikia kwa redio, kama walivyosikia wengi vyama vya URP na TNA vilipovunjwa 2016 kuunda chama cha Jubilee.

Ombi langu kwa hao wanaozunguka saa hii ni dogo tu, kabla hamjasaini na mtu yeyote mkataba ubandikwe kwenye mlango wa ofisi ya chama, Mtwapa, Kwale, Hola, Voi, uwe kwa Kiswahili, halafu wajumbe wa kila wadi wapige kura. Anayeona haiwezekani aandike hapa hapa atupe sababu.

Mpiga kura, Kaloleni