Mwanangu, niambie ni mikopo mingapi

Mwanangu,

Barua hii nimempa kondakta pamoja na gunia la machungwa. Sikutaka kukuandikia kwenye simu, maana sasa sijui ni nani mwingine anayeisoma simu yako.

Jumanne jioni namenya muhogo, meseji ikaingia, namba siijui. Picha yako ile uliyopiga umeshika kitambulisho, na chini yake maneno: huyu ni tapeli, mwambieni alipe deni. Kabla sijainuka kwenye kigoda shangazi yako kaja mbio, naye kaipata. Kesho yake fundi aliyetuezekea mabati. Mama wa yule binti naye kaipata. Hajasema kitu, ila salamu yake imepoa.

Ni mingapi? Usinijibu kuwa ni mmoja tu. Mdogo wako kanieleza kwamba mtu hukopa huku akalipe kule.

Kanionyesha kwenye simu yake. Ukishapakua programu ya mkopo, hata senti hujapewa, inaomba ruhusa isome majina yote uliyohifadhi, na picha zako. Ukibonyeza kukubali, umetuweka rehani sote, mpaka bibi yako asiyejua kusoma. Halafu unaomba 100,000, inaingia 70,000, na siku ya 7 wanataka 100,000 kamili. Hesabu gani hiyo, baba? Kava moja ya simu unapata faida kiasi gani? Kikundini kwetu 100,000 inarudi 110,000 baada ya miezi 3, na ukikwama tunakaa tunazungumza.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Ulikuwa hapa nyumbani, nikakuambia sikiliza, ukasema mama hayo ni ya watu wasiojua simu. Wakopeshaji wa zamani, wale wa kausha damu, walikuja kwa miguu na tuliwaona tangu barabarani. Hawa unalala nao chini ya mto.

Meseji zao usizifute, hata zikikuuma. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Hakuna aliyewapa ruhusa ya kutawanya sura yako. Peleka malalamiko. Na usikope tena ili kulipa hilo, hata wakikutukania mimi.

Najua kodi ya fremu hapo Kariakoo wanaitaka ya miezi 6 kwa mpigo. Biashara ile umeisimamisha mwenyewe, ulianza na kutembeza chaja mkononi juani, na kikundini nakutaja mpaka wenzangu wamechoka. Lakini ulishindwaje kuniambia? Au ni kwa vile nilivyokujibu mbele ya wajomba zako ulipoomba mtaji? Siku ile nilikuwa na langu moyoni.

Ile cherehani baba yako mpaka leo anaamini niliiuza kwa hiari. Ulipokwenda kidato cha tano, godoro, sare, nauli, nilikopa. Wiki ya tatu walikuja kuibeba, nami ndiye niliyewashikia mlango. Usimwambie.

Nataka idadi. Andika kwenye karatasi kila mkopo, umepokea ngapi na unadaiwa ngapi, umpe kondakta huyuhuyu. Zamu yangu ya kupokea fedha za mchezo ni mwezi ujao, nitaona la kufanya, lakini sitatoa kitu kabla sijajua ni mingapi.

Machungwa mwaka huu wachuuzi wanayanunua yakiwa bado mtini, bei ni ya kusikitisha, ndiyo maana nimekuletea mengi. Yaliyolainika uza leo hiihii. Bibi yako jicho la kushoto bado linatoa machozi, anauliza kama ile dawa uliyonunua mara ya kwanza bado ipo. Paa la jikoni linavuja upande uleule. Gunia ni la shangazi yako, ulirudishe.

Mama yako