Barua kwa binti yangu anayekwenda Perugia, Italia

Mwanangu,

Jana nilikusikia ukiongea kwa simu na yule mama mwenye nyumba. Matamshi yako yalinipa raha mpaka nikamwita jirani aje asikilize. Halafu ukamwambia "Come stai?", hujambo ya rika lako. Mtu wa makamo ya bibi yako! Yeye ni "Come sta?" Mkubwa, au usiyemjua, msemeshe kwa Lei, ile "wewe" ya heshima, na kitenzi kiende kama unamtaja mtu wa tatu: Lei parla (unasema), Lei può (unaweza). Na samahani ya mkubwa ni "scusi", si "scusa". Kiitaliano cha ufukweni hapa Malindi hakina shikamoo. Najua umekiokota kwa nani. Walionunua vinyago vyangu hawakuwa na haja ya kunisahihisha.

Usiseme "io volere un caffè", mimi kutaka kahawa, kama vijana wa bichi. Sema vorrei un caffè, ningependa kahawa. Sisi nafsi tunaitanguliza, wao wanaiweka mkiani: parlo, parli, parla, yaani nasema, unasema, anasema. Kwa hiyo "io" (mimi) mara nyingi huachwa. Njaa na umri ni vya kuwa navyo, kama kwetu: ho fame, nina njaa; ho diciannove anni, nina miaka kumi na tisa. Wewe ni mwanamke, useme sono arrivata, nimefika. Kaka yako ndiye wa arrivato. Ho mangiato, nimekula, mnasema nyote. La mano (mkono) ni la kike, il problema (tatizo) ni la kiume, hayo yakariri tu.

Lakini Lei, mwanangu. Ndani ya siku 8 za kazi tangu ufike uwe umeomba permesso di soggiorno, kibali cha kuishi huko. Fomu utazipata posta, kisha utaitwa Questura, ofisi ya polisi, na huko ndiko ninakokuhofia. Askari wa watu umwambie "puoi", unaweza ya rika lako? "Buongiorno, può ripetere più lentamente, per favore?" Yaani, unaweza kurudia polepole zaidi, tafadhali? Può. Litamke sasa hivi, kwa sauti.

Utaniambia vijana wa huko wanaitana "tu", ile "wewe" ya rika. Sawa, darasani. Mkubwa msubiri mwenyewe aseme "diamoci del tu", tuitane kwa "tu". Darasani ulikuwa wa kwanza, sikatai, ila adabu haina mtihani, ndiyo maana unaipuuza.

Sweta la baba yako nimelirudisha kwenye begi, usilitoe tena. Karo ya mdogo wako tumeshalipa nusu, usianze kutuma hela kabla hujala. Na ile sufuria ya Mama Saidi nimeirudisha bila mfuniko, nikaona haya. Mfuniko umeuweka wapi?

Mamako