Wanaopewa nafasi zilizotengwa India hawatungiwi mtihani wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji aliyeandika juma lililopita kwamba India inawapa udaktari watu walioshindwa mitihani, kwa sababu vyuo vyake hutenga nafasi kwa kufuata matabaka ya kuzaliwa. Nilisomea shahada ya famasi katika jimbo la Maharashtra, na wazazi wa hapa kwetu wanaendelea kupeleka watoto wao huko, kwa hiyo si vema jambo hili likaachwa limeelezwa nusu.

Katika vyuo vya serikali kuu, asilimia 15 ya nafasi hutengewa Wadalit, watu ambao kwa karne nyingi walihesabiwa najisi hata wakakatazwa kuteka maji katika kisima cha wenzao, asilimia 7.5 ni ya makabila ya asili, na asilimia 27 ni ya matabaka mengine yaliyoachwa nyuma. Ni kweli kwamba anayeingia kwa nafasi hizo huweza kupokewa kwa alama za chini kuliko mwenzake katika mtihani wa kuingilia. Msomaji wako ameishia hapo, wala hakusema kwamba mtihani wa kutokea ni mmoja kwa wote.

Chuoni kwetu orodha ya waliochaguliwa ilibandikwa ukutani, na mbele ya kila jina ziliandikwa herufi za kundi la mhusika. Nilimwona kijana mmoja, ambaye baadaye nilikaa naye chumba kimoja kwa miaka mitatu, amesimama mbele ya karatasi ile na kidole chake kikiwa juu ya jina lake, huku waliokuwa nyuma yake wakiliruka jina na kuzisoma zile herufi. Tangu siku ile akikosea kupima dawa maabara ilisemwa ni tabaka lake, na akipatia ilisemwa amebahatisha. Muhula wote wa kwanza alikuwa akichukua sahani yake bwaloni na kuja kulia chumbani, akiiweka juu ya sanduku la nguo. Mwaka wa nne aliketi katika ukumbi uleule tulioketi sisi, akajibu karatasi zilezile zilizobeba namba badala ya majina, akafaulu.

Wala nafasi iliyotengwa haimfikishi mtu chuoni peke yake. Septemba 2024 Mahakama ya Juu ya India ililetewa shauri la kijana wa Kidalit, mtoto wa kibarua wa kutwa, ambaye alikuwa amefaulu mtihani mgumu wa vyuo vya teknolojia na kupata nafasi katika chuo cha Dhanbad, kisha akaipoteza kwa kuwa ada ya rupia 17,500 haikuwahi kulipwa kabla ya saa ya mwisho. Nyumbani walikuwa wakihangaika kuichanga hadi dakika za mwisho. Mahakama iliamuru apokewe.

Siwabezi wanaolalamika upande wa pili, kwani mtoto wa Kibrahmini, tabaka la juu kabisa, ambaye baba yake hana kitu naye ana uchungu wake. Ugomvi huu ulianza mapema: mwaka 1951, baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha mgawo wa nafasi za vyuo huko Madras, Bunge lilirekebisha Katiba ambayo haikuwa imetimiza hata miaka miwili. Mwaka 1990, serikali ya Waziri Mkuu V. P. Singh ilipotangaza kutenga ajira kwa matabaka yaliyo nyuma, wapo wanafunzi waliojitia moto. Tangu 2019 maskini wasio wa makundi hayo wametengewa asilimia 10, na mwaka 2022 majaji watatu wa Mahakama ya Juu dhidi ya wawili waliupitisha mpango huo ingawa unamfungia nje Mdalit aliye maskini kuliko wote. Mimi nakubaliana na wale wawili.

Lalamiko ninaloliona zito zaidi linatoka ndani ya makundi yenyewe. Uchambuzi wa tume ya serikali mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 97 ya ajira na nafasi za masomo zilizotengewa matabaka yaliyo nyuma zilichukuliwa na robo tu ya jamii zinazohesabiwa humo, na jamii 983 hazikupata hata moja. Kwa Wadalit nako, tarehe 1 Agosti 2024 majaji sita kati ya saba waliyaruhusu majimbo kuligawa fungu lao ili jamii zilizo chini kabisa zipate sehemu yake. Wapo Wadalit wanaohofia kwamba mgawo huo utawatenganisha, na hofu yao si ya kupuuzwa, lakini sioni njia nyingine ya kumfikia mtoto wa msafisha mitaro ambaye kila mwaka hupitwa na jirani yake aliyetangulia kusoma.

Tatizo ni kwamba anayegawa anahitaji hesabu, na hesabu kamili ya mwisho ya matabaka yote ya nchi nzima iliyowahi kuchapishwa ni ya Waingereza, ya mwaka 1931. Aprili 2025 serikali ilitangaza kwamba sensa ijayo itayahesabu matabaka. Hadi takwimu hizo zitoke, majimbo mengi yataendelea kugawa kwa kukisia, na kila mgawo utarudi mahakamani.

Msomaji wenu,
Morogoro