Kaka, ile taa haikuwa chuma chakavu

Kaka,

Salaam aleikum. Mama anasema unalalamika kwamba sipokei simu zako. Sipokei kwa sababu kila ukianza kusema unanieleza bei ya shaba. Nakuandikia hapa mbele ya watu, kwani hata kunidharau ulinidharau mbele ya watu.

Kwa mazishi nakushukuru. Gari la maiti ulilipa wewe, ng'ombe ulichinja wewe, wageni wakala wakasaza. Mungu akulipe. Lakini siku ya arobaini yule mnunuzi wa chuma chakavu alipotundika mizani yake kwenye tawi la mwembe, nilikuona ukitoka chumbani kwa Baba na ile taa yake ya meli. Nikadhani unakwenda kuifuta vumbi. Yule bwana akaokota jiwe, akagonga kile kioo chekundu hadi kikaisha chote, maana kioo hakilipiwi. Na wewe ndiye uliyemshikia!

"Ni meli ya wazungu," ukaniambia, "ilizama hata hatujazaliwa."

Jina lilikuwa lao, sikatai. Iliitwa Robert Coryndon, na huyo alikuwa gavana wao hapa Uganda. Meli iliundwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa palepale Butiaba, bandari yetu ya Ziwa Albert, mwaka 1930. Lakini nani aliyekesha kwenye usukani upepo ukivuma kutoka milima ya Kongo? Baba aliingia kijana wa kupaka rangi, akatoka mshika sukani. Ile ilikuwa taa ya ubavu wa kushoto. Ukiiona nyekundu mkono wako wa kulia usiku, kuna chombo kinakukatiza, na wa kupisha ni wewe. Alitufundisha hayo kabla hatujajua kuhesabu, na wewe ulikuwa hodari kunishinda.

Wageni wakitaja Butiaba wanataja ndege ya Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, iliyoungua pale mwaka 1954. Hiyo ni ajali tu. Butiaba ilikuwa njia. Mzigo wa Mombasa ulishuka kwenye treni Namasagali, ukavuka Ziwa Kyoga kwa meli hadi Masindi Port, ukapanda lori kupitia Masindi mjini, ukateremka ule mteremko wa bonde hadi gatini kwetu. Kutoka hapo meli ziliupeleka ng'ambo Kongo, au kaskazini kwa Nile hadi Nimule. Watu wa Sudan walisubiri shehena zilizopita mikononi mwa kina Baba. Halafu maji ya ziwa yakapanda, 1961 na 1962, yakaimeza bandari, na meli ikaangamia hapo hapo. Reli ilipofika Pakwach, kaskazini mwa ziwa, mwaka 1964, nani tena angeijenga Butiaba upya? Baba alibaki na taa.

Nakushauri, ingawa mimi ni mdogo wako: kitu cha marehemu hakiuzwi kabla ndugu hawajaketi. Najua utanijibu kwamba mtumbwi wake na injini niliviuza mimi. Niliviuza yeye akiwa hai, kwa idhini yake, na pesa zote ziliingia kwenye dawa. Wewe ulikuwa Kampala. Usiku alipokuwa akihema kama anapanda mlima, aliyemwinua nilikuwa mimi, na macho yake yalikuwa kwenye ile taa dirishani. Kwa hiyo wazee wasiniambie nilikukosea adabu nilipokukunja shati. Angekuwa mwingine angefanya makubwa zaidi.

Wanao wananiuliza nitakuja lini. Waambie nawapenda, na nitakuja Idi.

Pesa uliyopewa kaa nayo. Ninachotaka ni namba ya yule mnunuzi. Hawa watu hawapeleki shaba kilo moja moja, hungoja shehena ijae, kwa hiyo huenda bado imo ghalani kwake. Nitamlipa mara mbili ya alichokupa, na kioo nitatafutia fundi. Namba hiyo mtumie Mama leo, kabla lori lake halijaondoka.